Kuwaka Si Kupona: Mjadala wa Kompyuta Iliyoharibika Njia ya Umeme

Kompyuta ya mezani ikibonyezwa isiitikie, watu wengi huitangaza imekufa. Mara nyingi haijafa. Kilichoharibika ni njia ya umeme kuingia kwenye mazabodi: kitufe, nyaya zake mbili nyembamba, vijipini vinavyozipokea, au kile kiunganishi kikubwa cha pini 24 kinachotoka kwenye pawasaplai. Kila fundi mwenye meza yake anajua namna ya kuizunguka njia hiyo mpaka mashine iwake. Swali la mjadala huu ni kama inafaa kuizunguka, na kama inafaa, mwisho wake uwe wapi.

Wazungumzaji ni wanne, na Mwenyekiti anaongoza. Fundi ana kibanda cha kutengeneza kompyuta mjini. Injinia ni mhandisi wa umeme aliyewahi kufundisha chuoni. Mwalimu anasimamia chumba cha kompyuta katika shule ya sekondari ya kata. Mwanafunzi anasomea ufundi wa kompyuta na yuko kwenye mafunzo kwa vitendo. Mezani zipo mashine mbili za shule. Ya kwanza imevunjika kitufe cha kuwashia. Ya pili, inayotunza hesabu za shule, kiunganishi chake kikubwa kimebabuka na matundu yake mawili yamegeuka rangi ya kahawia.

MWENYEKITI: Karibuni nyote. Mwalimu, mashine ni zako, tuanze na wewe.

MWALIMU: Asante, Mwenyekiti. Mwaka huu hatuna fungu la kununua mashine mpya. Tulizonazo ni za mtumba, zilitumika maofisini ng'ambo kabla ya kufika kwetu. Wanafunzi hukaa watatu watatu mbele ya skrini moja, kwa hiyo mashine moja ikizima, watatu wanabaki wanatazama migongo ya wenzao. Nimekuja kwa sababu mtu mmoja aliniambia mashine hizi zitawaka, mwingine akaniambia nisithubutu kuziwasha, na wote wawili ni watu ninaowaheshimu. Nataka kujua nimsikilize nani.

FUNDI: Zitawaka, Mwalimu. Nianze na hii ya kitufe, maana ndiyo ninayoletewa kila mara. Kwenye mashine za zamani za mpangilio wa AT, swichi ya mbele ilikuwa inakata umeme wenyewe wa ukutani. Ukiigusa vibaya ndani ya kasha, unapigwa na volti 230. Mwaka 1995 Intel ikaleta mpangilio wa ATX, na tangu hapo kitufe hakibebi mzigo wowote. Ukichomeka plagi ukutani, pawasaplai inaanza kutoa volti 5 za kusubiri kupitia waya wa zambarau, hata mashine ikiwa imezimwa. Volti hizo zinaiweka macho sehemu ndogo ya mazabodi. Unapobonyeza kitufe, pini mbili zinagusana kwa muda mfupi, mazabodi inapata habari, inauvuta waya wa kijani mpaka graundi, na hapo ndipo pawasaplai inafungua volti zote. Kitufe kikivunjika, nachukua bisibisi nagusanisha zile pini mbili, mashine inawaka. Kisha nautoa waya wa kitufe cha kuanzisha upya naupeleka kwenye pini za kuwashia. Kitufe hicho ni nadra mtu kukigusa, na sasa kinapata kazi ya maana.

MWENYEKITI: Injinia, una pingamizi hapo?

INJINIA: Sina pingamizi, nina tahadhari mbili. Pini za kuwashia zimo ndani ya kundi la pini tisa, na katika mpangilio uliozoeleka ni namba 6 na 8. Jirani zake ni za taa na za kuanzisha upya, na pembeni kidogo kuna kundi la pini za USB linalofanana nalo kwa sura, ambalo lina volti 5. Bisibisi ikiangukia huko ni shoti. Kwa hiyo soma kwanza maandishi yaliyochapwa kwenye bodi au kitabu chake, washa taa ya kutosha, tumia ncha ndogo. Tahadhari ya pili ni kwa Mwalimu: bisibisi ni ya Fundi, siyo ya mwanafunzi wa kidato cha pili kila asubuhi. Lakini waya ukishahamishwa, kazi imekwisha. Mkondo unaopita pale ni mdogo sana, hakuna cha kupata moto, na mashine haijapungukiwa na ulinzi wowote. Ukikibonyeza kitufe hicho kwa sekunde nne au zaidi, kitaizima mashine iliyoganda kama kitufe cha awali. Mimi ningesaini leo irudi darasani.

MWANAFUNZI: Shikamooni. Naomba kuuliza. Je, kama ni pini zenyewe za mazabodi zimekatika, hakuna pa kuchomeka waya? Chuoni tulifundishwa kuwa mashine inaweza kuwashwa bila kitufe kabisa. Kwenye BIOS kuna mpangilio wa kuifanya iwake yenyewe umeme ukirudi, mwingine wa kuiwasha kwa kibodi, mwingine kwa saa unayoipanga, na mwingine kwa mtandao. Huo wa mtandao unatuma ujumbe mfupi: baiti 6 za alama, kisha anwani ya kadi ya mtandao ikirudiwa mara 16. Kadi inayolishwa na zile volti 5 za kusubiri ikiusikia ujumbe huo, inaiamsha mashine.

FUNDI: Marahaba, mdogo wangu, umesema vizuri. Ila kumbuka, ili uingie kwenye BIOS lazima mashine iwake kwanza. Hapo utarudi kugusanisha mabaki ya zile pini mara moja. Ukishapanga, unaweza kukisahau kitufe.

INJINIA: Ningeomba tu Mwalimu asichague ule wa kuwaka umeme unaporudi. Umeme ukirudi baada ya kukatika, dakika za mwanzo mara nyingi haujatulia; huja, ukapanda, ukakatika tena. Mashine iliyopangwa kuwaka yenyewe inaingiza diski yake kazini katika dakika mbaya kuliko zote, tena pengine usiku, mlango umefungwa na hakuna mtu. Njia ya mtandao inaifaa maabara zaidi.

MWALIMU: Hiyo ningeipenda. Niketi kwenye mashine yangu, niziwashe zote kabla wanafunzi hawajaingia.

MWENYEKITI: Basi ya kwanza tumekubaliana. Twende kwenye ya pili, iliyobabuka. Fundi, hii nayo itawaka?

FUNDI: Itawaka. Kwanza nataka kujua nani mgonjwa, pawasaplai au mazabodi. Nachomoa kiunganishi, nachukua kipande cha waya, naunganisha tundu la waya wa kijani na tundu lolote la waya mweusi. Feni ikizunguka, pawasaplai inapumua. Mafundi wengine wanaenda mbele zaidi. Njia ya waya wa kijani ikiwa imekatika ndani ya bodi, wanaufunga waya huo na mweusi kwa swichi ya kudumu, mteja anaondoka na mashine inayowaka.

INJINIA: Hapo ndipo tunapoachana. Kuunganisha kijani na mweusi ni kipimo, na ni kipimo kizuri, ingawa hata kama kipimo kinaonyesha tu kwamba pawasaplai imeamka. Hakionyeshi kama itaweza mzigo. Hilo utalijua kwa mita na kwa kuibebesha kazi. Lakini kukifanya kipande cha waya kuwa swichi ya kudumu ni kuinyang'anya mazabodi mamlaka ya kuzima. Prosesa ikipata joto la hatari, mazabodi hujiokoa kwa kuuachia waya wa kijani ili pawasaplai ifunge volti. Ukiwa umeufunga kwenye graundi, mazabodi itaachia na hakuna kitakachozimika. Upo pia waya wa kijivu. Pawasaplai husubiri sehemu ya kumi ya sekunde hadi nusu sekunde, mpaka volti zitulie, ndipo kwa waya huo inaiambia mazabodi ianze. Mashine nzuri ina mazungumzo ya pande mbili. Swichi ya mtaani inaufunga mdomo wa upande mmoja.

FUNDI: Nakubali kwa hilo. Mimi mwenyewe natumia kipande cha waya kupima tu. Na nimwongezee Mwanafunzi: usiamini rangi kwenye kila mashine. Pawasaplai nyingi za siku hizi zina nyaya nyeusi tupu, hivyo unahesabu nafasi, na kijani ni ya 16. Halafu mashine za ofisini, Dell na HP kwa mfano, nyingi zina viunganishi vyao wenyewe vyenye pini chache, na baadhi zinatoa volti 12 peke yake. Mwishoni mwa miaka ya 1990 Dell ilitumia kiunganishi kinachoingia sawasawa kwenye bodi ya ATX ya kawaida, lakini nyaya zake zilipangwa tofauti. Ukichanganya pawasaplai na bodi, unaunguza.

MWENYEKITI: Turudi kwenye matundu ya kahawia. Kwa nini kiunganishi kinaungua wakati hakikuguswa na mtu?

INJINIA: Kwa sababu ya mgusano mbovu. Tuchukue pini moja inayopitisha ampea 5. Mgusano ukiwa mzima, ukinzani wake ni mdogo mno. Tuseme ohmu 0.01. Joto linalozaliwa hapo ni 5 mara 5 mara 0.01, yaani robo ya wati, haliumizi kitu. Sasa mgusano ulegee kwa kuchomekwa na kuchomolewa, au upate kutu, ukinzani ufike ohmu 0.2. Mkondo ni uleule, lakini joto limekuwa wati 5, ndani ya tundu la plastiki lenye upana wa milimita nne hivi. Joto hilo linalegeza chuma zaidi na kuongeza kutu, ukinzani unapanda, joto linapanda tena. Zaidi ya hapo, ampea 5 zikipita kwenye ohmu 0.2 zinapoteza volti 1 njiani. Volti 12 zinafika 11, na kiwango cha ATX cha mashine hizi hakiruhusu zishuke chini ya 11.4. Ndiyo maana mashine kama hii huwaka vizuri asubuhi, kisha inajizima mtu akifungua programu nzito. Na ikijizima katikati ya kuandika hesabu, faili linaharibika.

FUNDI: Injinia, hesabu yako ni sahihi kwa pini moja. Lakini umeme haupiti pini moja. Volti 3.3 zina pini nne za rangi ya chungwa, volti 5 zina tano nyekundu, graundi zina nane nyeusi. Pini moja ikiwa na ukinzani, mkondo unaikwepa na kupita kwa wenzake. Nimeona mashine zikienda miaka na pini moja ya chungwa iliyokufa.

INJINIA: Umeniwahi, maana hapo ndipo jibu la Mwalimu lilipo. Watu wanne wakibeba jeneza na mmoja akaachia, watatu watafika makaburini wakiwa wamechoka. Wakiwa wawili na mmoja akaachia, aliyebaki atavunjika. Kwenye kiunganishi hiki volti 12 zina pini mbili tu za njano. Kibaya zaidi ni ile plagi ndogo ya pini nne inayolisha prosesa: njano mbili, nyeusi mbili. Prosesa ya wati 95 inavuta takriban ampea 8 kwenye volti 12. Zikigawanywa kwa pini mbili ni nne nne, ambazo pini ya kawaida inazimudu. Pini moja ikifa, ampea zote 8 zinahamia kwa mwenzake, wakati pini ya kawaida ya aina hii huhesabiwa kubeba takriban ampea 6. Mkondo umeongezeka mara mbili, lakini joto katika pini hiyo limeongezeka mara nne. Kwa hiyo mkondo hukwepa penye ukinzani, kama ulivyosema, na kwa kukwepa huko unakwenda kuunguza jirani.

MWALIMU: Kwa hiyo swali la kumuuliza fundi yeyote ni waya gani umeungua?

INJINIA: Hilo hasa. Nyaya za kijani na kijivu ni za ujumbe, zinabeba mkondo mdogo mno. Ukiukuta mmoja umekatika, fundi anaweza kuurudisha kwa waya mwembamba mpaka pale pale ulipokuwa ukienda, na mashine ikawa nzima. Waya wa zambarau unabeba ampea chache. Unataka kiungo imara, hautishi. Chungwa, nyekundu na nyeusi zina wenzao, hivyo moja ikifa kuna muda wa kupanga matengenezo, mradi zilizobaki zimepimwa na hazipati moto. Njano ina mwenzake mmoja tu. Ukiona njano imebabuka, mashine isiwashwe tena mpaka itengenezwe.

FUNDI: Haya, na hapa zilizobabuka ni namba 10 na 11. Zote mbili ni njano.

MWENYEKITI: Basi Fundi, utafanyaje?

FUNDI: Kuna njia tatu. Ya kwanza, ya haraka: nakata zile nyaya mbili za njano, nazilehemu moja kwa moja nyuma ya bodi kwenye miguu ya kiunganishi. Kiungo cha risasi kilichokaa vizuri kinapitisha umeme kuliko pini iliyolegea, Injinia hawezi kulikataa hilo. Ya pili, nabadilisha kiunganishi chote cha bodi kwa kukitoa kwenye mazabodi iliyokufa, halafu naweka pini na kichwa kipya upande wa pawasaplai. Ya tatu, tutafute mazabodi nyingine ya mtumba. Bei inapanda kwa mpangilio huo, na mteja wangu karibu kila mara anataka ya kwanza.

INJINIA: Silikatai. Kiungo kizuri cha risasi kina ukinzani mdogo kuliko mgusano uliochoka. Ninachokataa ni yanayofuata. Umeifunga pawasaplai na mazabodi ziwe kitu kimoja. Siku pawasaplai ikifa, fundi mwingine atakata bila kujua alichokikuta. Nyaya nene zinaning'inia kwenye duara dogo la shaba lililobandikwa kwenye bodi. Mtu akisukuma kasha, waya unavuta, duara linabanduka, na bodi hiyo haina tena pa kulehemu. Nyaya hizo pia zinapita nyuma ya bodi, milimita chache tu kutoka kwenye bati la kasha. Ganda lake likikwaruzika, ni shoti ya volti 12.

FUNDI: Nazifunga kwa kamba ya plastiki, navika ganda la ziada. Kazi ikifanywa vizuri inadumu.

INJINIA: Ya kwako huenda ikadumu. Ninayemwogopa ni yule aliyekuona ukifanya mara moja akaenda kuifanya bila kamba wala ganda.

MWANAFUNZI: Fundi, kwa nini hiyo njia ya pili isiwe ya kwanza? Kiunganishi kwenye bodi iliyokufa hakina bei.

FUNDI: Kwa sababu ya jasho lake. Miguu 24 lazima iyeyuke na kutoka bila kung'oa bomba la shaba lililo ndani ya kila tundu. Bodi ina tabaka kadhaa, na bomba hilo ndilo linaloziunganisha. Ukiling'oa, umekata njia usiyoiona. Ile miguu minane ya graundi imeshikwa na mabamba mapana ya shaba yanayonyonya joto lote la solda yako. Risasi ya zamani yenye madini ya risasi inayeyuka kwenye nyuzi 183, lakini bodi nyingi zilizotengenezwa baada ya mwaka 2006, Ulaya ilipoyawekea mipaka mikali madini hayo, zina ya bati inayotaka nyuzi 217 au zaidi. Kwa hiyo unaipasha bodi joto kutoka chini, unachanganya na risasi ya zamani ili ilegee, unanyonya tundu moja moja. Ni kazi ya nusu siku kwa mkono usiozoea. Mteja anauliza bei, anaondoka.

MWENYEKITI: Mwalimu, wewe ndiye mteja. Utaondoka?

MWALIMU: Kabla sijajibu, niseme kinachonikaba. Hesabu za ada za muhula huu ziko ndani ya hiyo mashine. Ningekubali hata iwake kwa dakika kumi tu nizitoe.

MWANAFUNZI: Samahani, Mwalimu, huna haja ya kuiwasha. Hesabu haziko kwenye mazabodi, ziko kwenye diski. Tuifungue skrubu zake, tuichomeke kwenye mashine nyingine ya maabara, faili zinakiliwa leo hii. Dakika kumi unazoziomba ndizo zinazoweza kuharibu hilo faili.

INJINIA: Mwenyekiti, naomba hilo liandikwe. Kijana ametoa hoja iliyotupita sote. Tumekuwa tukibishana jinsi ya kuiwasha, wakati haja ya Mwalimu ilikuwa kupata hesabu zake. Niongeze jambo moja tu: kama Windows iliifunga diski hiyo kwa BitLocker, kwenye mashine nyingine itadai ufunguo wa tarakimu 48. Mwalimu autafute leo kwenye akaunti iliyotumika kuisajili mashine, au kwenye karatasi kama uliwahi kuchapwa. Na mashine nyingine za maabara ambazo bado ni nzima, funguo zake ziandikwe na kuhifadhiwa kabla hazijaugua.

MWALIMU: Umenipunguzia mzigo, mwanangu. Basi sina haraka tena. Sasa naweza kuuliza kwa utulivu kama mashine yenyewe inastahili kutengenezwa.

FUNDI: Inastahili. Watu wakisikia "imeungua" wanaitupa, na hapo ndipo ninapopigana. Ripoti ya dunia ya taka za kielektroniki ilihesabu tani milioni 62 kwa mwaka 2022, na chini ya robo yake ndiyo iliyothibitishwa kukusanywa na kurejelezwa ipasavyo. Mashine hizi zimeshafika mwisho wa safari yao ya kwanza kabla hazijatufikia. Sisi tukizitupa kwa pini mbili, zinaishia kuchomwa jalalani ili mtu apate shaba. Nawaheshimu wahandisi, lakini nyote mkisema "isiwashwe", mtoto wa kata anabaki bila kompyuta, na moshi wa jalala unamfuata huko huko nyumbani.

INJINIA: Ndiyo maana sikusema itupwe. Nimesema isiwashwe mpaka itengenezwe. Tofauti yetu ni saa chache za kazi na bei yake. Na kwa kuwa ni shule, nataka tuwaze usiku. Plastiki ya kiunganishi hiki kwa kawaida hutengenezwa isishike moto kirahisi, na mara nyingi inaishia kuyeyuka tu. Lakini ndani ya kasha kuna vumbi la miaka, na juu ya meza kuna daftari. Mashine ya nyumbani ina mtu karibu atakayesikia harufu. Mashine ya maabara iliyosahaulika ikiwaka ina kufuli mlangoni.

MWANAFUNZI: Na sisi tunaojifunza, mnatuambia tuanzie wapi tukiletewa mashine isiyowaka?

INJINIA: Chomoa plagi ukutani, kisha bonyeza kitufe cha kuwashia ili chaji iliyobaki iishe. Usifungue pawasaplai. Ndani yake umeme wa ukutani hugeuzwa kuwa zaidi ya volti 300 zinazohifadhiwa kwenye kapasita, na hizo hubaki hata plagi ikiwa mkononi mwako.

FUNDI: Kisha tazama na kunusa kabla hujapima. Plastiki iliyobadilika rangi, pini iliyorudi nyuma kwenye tundu lake, kiunganishi kisichofika mwisho. Kuna mashine nimeziponya kwa kukibana kiunganishi tu mpaka kikakaa. Halafu plagi ikiwa imerudishwa, pima zambarau. Ukikosa volti 5 pale, usihangaike na kitufe. Ukizipata, gusanisha pini za kuwashia. Ikikataa, ndipo upime pawasaplai peke yake. Ukifuata mpangilio huo utajua ni kitufe, ni bodi au ni pawasaplai, kabla hujagusa solda.

MWENYEKITI: Tunaelekea mwisho. Kila mmoja atoe neno lake.

FUNDI: Nitabadilisha kiunganishi. Mwalimu atalipa kazi, vifaa natoa mimi kwenye bodi zilizokufa. Bado nasema kulehemu moja kwa moja ni halali mikononi mwa anayejua.

INJINIA: Bado nasema si halali kwenye mashine ya watoto. Lakini fundi anayechagua kubadilisha kiunganishi ningempelekea mashine yangu mwenyewe.

MWALIMU: Ya kwanza inarudi darasani na kitufe chake kipya. Ya pili inabaki kwa Fundi, diski naondoka nayo. Na kuanzia sasa, mashine ikirudi kutoka kwa fundi nitadai karatasi inayosema waya gani ulikuwa mbovu na umetengenezwa vipi.

MWANAFUNZI: Mimi nitaiandika hiyo karatasi.

MWENYEKITI: Nimewaacha waseme, sasa niseme ninaposimama. Fundi ana haki kukataa mashine kutupwa kwa pini mbili, na nchi zetu zinaishi kwa ujuzi wa watu kama yeye. Lakini katika hoja waliyobakia wakitofautiana nasimama na Injinia. Mashine inayoingia chumba cha watoto ipimwe kwa namna itakavyozimika na kwa joto litakalozaliwa ndani yake, maana kuwaka peke yake hakuonyeshi lolote kati ya hayo. Palipobeba ujumbe, zunguka njia bila hofu. Palipobeba mzigo, tengeneza kwanza. Na kabla ya yote mawili, muulize mwenye mashine anatafuta nini ndani yake, kwa kuwa huenda anachokitaka kinatoka kwa bisibisi na skrubu nne, bila tone la umeme.

Fundi aliyezoea kusifiwa kwa kuwasha anastahili kuanza kusifiwa kwa karatasi yake pia: ameandika alichokikuta, alichobadilisha, volti alizopima mashine ikiwa na kazi, na tarehe. Karatasi hiyo haihitaji sheria mpya wala fungu la serikali. Inahitaji wateja wanaoidai na mafundi wasioogopa kazi yao isomwe. Shule zianze kuidai muhula huu.